Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Kesi ya Bob Astles na Mlango wa Mahakama



Makala haya yanahusu kanuni moja ya sheria ambayo wengi wetu huikariri vizuri darasani, kisha tukaisahau mara tu taarifa ya habari inapoanza: kwamba kila anayeshtakiwa kwa kosa la jinai achukuliwe kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Kanuni hii ni nyepesi kuitetea anaposhtakiwa jirani mpole. Huwa nzito anaposhtakiwa mtu ambaye nchi nzima inamchukia, tena aliyetoroka akarudishwa chini ya ulinzi kutoka nchi nyingine. Kwa hiyo sitakupa mfano wa mtu mwema aliyeonewa. Nitakusimulia habari za mtu ambaye watu wachache sana hapa Kampala walimlilia, kisha nikuulize kama alistahili haki ileile unayoitaka wewe.

Maneno kwanza

Kwa kuwa hapa sisi ni watu wa lugha, tuanze na lugha. Chukua maneno matano: mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa, mfungwa, mhalifu. Magazeti na redio huyachanganya kana kwamba ni visawe. Yachunguze vizuri, utaona kuwa sarufi ya Kiswahili imeyapanga kwa hekima.

Manne ya kwanza yamejengwa juu ya kauli ya kutendwa. Mshukiwa ni mtu aliyeshukiwa. Mtuhumiwa ni aliyetuhumiwa. Mshtakiwa ni aliyeshtakiwa. Mfungwa ni aliyefungwa. Katika maneno yote hayo, yeye hajasemwa kuwa ametenda jambo lolote. Ametendewa na wengine: polisi, mwendesha mashtaka, askari magereza. Neno la tano ni tofauti. Mhalifu hutokana na kitenzi halifu, yaani kuvunja amri au sheria, na liko katika kauli ya kutenda. Mhalifu ndiye aliyefanya. Kati ya kutendwa na kutenda pana daraja, na daraja hilo ni hukumu ya mahakama. Anayemwita mtuhumiwa mhalifu kabla ya hukumu ameruka daraja hilo, na amekosea sarufi kabla ya kukosea sheria.

Kosa hilo limejificha hata katika msamiati rasmi. Nchi mbili zinapokubaliana kukabidhiana watu wanaotakiwa na mahakama, Waswahili wengi husema zimetia saini mkataba wa kubadilishana wahalifu. Ni kweli kwamba baadhi ya wanaokabidhiwa huwa wamekwisha kuhukumiwa na kutoroka kifungo. Lakini wengi wao bado hawajasimama mbele ya hakimu yeyote wa nchi inayowataka. Jina la mkataba limekwisha kuwahukumu. Katika makala haya nitasema kurejeshwa kwa watuhumiwa, nawe ukipenda uige.

Jambo la mwisho kuhusu maneno. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28(3)(a), inasema kuwa mtu aliyeshtakiwa kwa jinai atachukuliwa kuwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe au yeye mwenyewe akiri. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(b), inasema jambo hilohilo kwa namna nyingine: inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitika. Litazame neno kutendewa. Katiba hiyo haikuamuru umpende mshtakiwa, wala haikukukataza kumshuku moyoni. Inachodhibiti ni mikono yetu: namna tunavyomkamata, tunavyomweka, tunavyomtangaza, na tunavyomwachia.

Mzungu wa Amin

Robert Astles, aliyejulikana kwa jina la Bob, alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Ashford, Uingereza. Alifika Uganda akiwa askari wakati wa ghasia za Bataka za mwaka 1949, akabaki kama mtumishi wa serikali ya kikoloni katika idara ya kazi za ujenzi. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 aliitumikia serikali ya Milton Obote. Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, Astles alihamia kwake. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka huohuo alishukiwa kuwa mtu wa Obote, akatiwa katika gereza la kijeshi la Makindye kwa wiki kadhaa. Alitoka, akarudi katika shamba lake la mananasi, na kufikia mwaka 1975 alikuwa tena karibu na Amin, akiongoza kikosi cha kupambana na ufisadi na kumshauri Amin katika mambo ya Waingereza. Aliukana uraia wa Uingereza akawa Mganda. Watu walimwita Meja Bob. Waliomchukia walimwita panya mweupe.

Ili uelewe chuki hiyo, kumbuka Kampala ya miaka ile. Watu walikamatwa mchana kweupe na maofisa wa Idara ya Utafiti ya Taifa, iliyokuwa na makao yake Nakasero, wakatiwa katika buti za magari wasionekane tena. Wakati mwingine hata jaji hakupona. Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, ambaye kabla ya uhuru alikuwa kiongozi wa serikali, aliamuru mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyezuiliwa kinyume cha sheria aachiliwe. Tarehe 21 ya mwezi huo, watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu ya Kampala, wakamkokota Jaji Mkuu kutoka katika jengo lake mwenyewe. Hakurudi.

Katika utawala huo Astles alikula na kunywa. Hakuna aliyejua kwa hakika alifanya nini kwa mikono yake, lakini alionekana amesimama karibu na Amin, na kwa watu waliopoteza ndugu zao kuonekana pale kulitosha. Baadaye, akiwa mzee, alikiri kwa waandishi wa habari kwamba alifumba macho na kunyamaza kuhusu aliyoyaona. Huo ni ungamo la aibu kubwa. Lakini kufumba macho ni jambo moja, na kuua ni jingine; na mahakama ya jinai huhukumu kosa lililoandikwa katika hati ya mashtaka.

Kutoroka na kurudishwa

Tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliitwaa Kampala. Amin alikimbilia Libya. Astles alikimbilia Kenya, akakamatwa huko. Mwezi Juni mwaka huohuo alirudishwa Uganda ajibu mashtaka, yakiwamo ya kumuua mvuvi mmoja.

Hapa yafaa nieleze urejeshaji wa watuhumiwa unavyopaswa kwenda, maana ndipo wengi hukosea. Uganda ina sheria yake ya urejeshaji tangu mwaka 1964, na nchi jirani zina sheria zinazofanana nayo. Nchi inayomtaka mtu huandika ombi na kuambatisha hati ya kukamata pamoja na maelezo ya kosa. Nchi alikokimbilia humpeleka mbele ya hakimu. Hakimu huyo hatafuti kama mtu ana hatia. Huangalia mambo machache: je, huyu ndiye anayetajwa? Je, tendo linalodaiwa ni kosa katika nchi zote mbili? Je, ushahidi unatosha kumfanya mtu apelekwe kwenye kesi? Je, kosa hilo si la kisiasa tu, yaani hatakiwi kwa sababu ya maoni yake? Kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, njia hiyo ilirahisishwa tangu zamani: hati iliyotolewa na mahakama ya nchi moja inaweza kuidhinishwa na hakimu wa nchi nyingine. Hata katika njia hiyo fupi, hakimu lazima awepo.

Kwa hiyo hakimu anaposema mtu arejeshwe, hajasema kuwa ana hatia. Amesema tu kwamba lipo swali linalostahili kujibiwa, na mahali pa kulijibia ni kule. Mtu aliyerejeshwa hupanda ndege akiwa mshtakiwa na hushuka akiwa mshtakiwa. Safari haiwezi kuwa ushahidi. Wala kutoroka peke yake hakumfanyi mtu kuwa muuaji: mwaka 1979 walikimbia wenye damu mikononi, na walikimbia pia watu walioogopa tu kuchinjwa na umati wenye hasira.

Kampala ya Juni 1979 haikuwa na subira ya kufafanua hayo. Serikali ilikuwa changa. Rais Yusuf Lule alidumu madarakani siku 68 tu, na tarehe 20 mwezi huohuo nafasi yake ikachukuliwa na Godfrey Binaisa. Askari na maofisa wengi wa Amin walijaa katika gereza la Luzira, wengi wao bila mashtaka yoyote. Fikiri, msomaji, ingelikuwa rahisi namna gani kumpoteza mtu mmoja aliyechukiwa. Nani angeuliza?

Mahakama yasema

Hata hivyo Astles alifikishwa mahakamani, na kesi ikasikilizwa katika Mahakama Kuu mjini Kampala, mahakama ileile ambayo watumishi wa Amin walimkokota kutoka humo Jaji Mkuu Kiwanuka.

Sheria iliyotumika haikuwa ngeni. Mwaka 1935, mabwana wa sheria wa Uingereza, katika kesi ya Woolmington, waliamua kwamba mzigo wa kuthibitisha hatia humwangukia mwendesha mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1965, katika kesi ya Okethi Okale, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisisitiza kuwa mzigo huo hauhamii kwa mshtakiwa. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni hii: adaiye ndiye alete ushahidi. Mshtakiwa halazimiki kueleza alikuwa wapi, wala kuithibitishia mahakama kuwa yeye ni mtu mwema. Akinyamaza tu na upande wa mashtaka ukashindwa kuondoa shaka ya maana, ameshinda.

Mwaka 1981 Astles aliachiwa huru na mahakama kwa shtaka la mauaji. Upande wa mashtaka haukuthibitisha.

Nakuomba usipite mbio hapo. Jaji wa Uganda, katika mji uliojaa wajane na mayatima wa utawala wa Amin, alimtazama mtu wa Amin, akapima ushahidi uliokuwa mbele yake, akasema hautoshi. Mwaka huohuo wa 1981, mwezi Juni, viongozi wa Afrika waliokutana Nairobi walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao ibara yake ya 7 inataja haki ya kuchukuliwa kuwa huna hatia. Ni vizuri kuyaweka matukio hayo mawili pamoja. Lile la Nairobi liliandikwa katika karatasi na kushangiliwa. Lile la Kampala lilitekelezwa, na sidhani kama kuna aliyelishangilia.

Lakini hadithi haikuishia pale. Astles hakwenda nyumbani. Aliendelea kuzuiliwa mpaka Desemba 1985, wakati wa utawala wa Tito Okello, ndipo alipotolewa na kurudi Uingereza. Alifia huko Desemba 2012, akiwa na umri wa miaka 88. Tangu alipoletwa kutoka Kenya hadi siku aliyotoka, ilikuwa miaka sita na nusu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumikia baada ya mahakama kusema kuwa shtaka halikuthibitishwa. Uliza alikuwa anatumikia kifungo cha kosa gani, hutapata jibu, kwa maana hakukuwa na hukumu.

Mlango wa mahakama

Baadhi ya wanafunzi hudhani kuwa katika nchi yetu kanuni hii huvunjwa na majaji. Historia inaonyesha kuwa mara nyingi majaji wameishika. Huvunjiwa mlangoni, mshtakiwa anapotoka. Astles hakuwa wa kwanza wala wa mwisho.

Tarehe 22 Februari 1966, mawaziri watano, akiwamo Grace Ibingira, walikamatwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri. Walizuiliwa kwa kutumia sheria ya kikoloni ya kuwahamisha watu. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliona kuwa sheria hiyo haikupatana na Katiba. Mawaziri waliachiliwa, na hapohapo wakakamatwa tena kwa sheria nyingine. Walikaa kizuizini mpaka serikali ya Obote ilipopinduliwa mwaka 1971. Sheria ya kikoloni yenyewe ilikuwa na ukoo mrefu: mwaka 1899 Waingereza walimkamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega wakawapeleka Shelisheli bila kesi, na tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimpandisha Kabaka Mutesa wa Pili katika ndege kwenda London, tena bila kesi. Mazoea ya kumvusha mtu mpaka ili kuepuka mahakama ni makongwe kuliko uhuru wetu.

Songa mbele hadi Novemba 2005. Mwanasiasa Kizza Besigye, aliyekuwa amerudi kutoka uhamishoni Afrika Kusini, alishtakiwa kwa uhaini na ubakaji. Wenzake walioshtakiwa naye uhaini walipopewa dhamana na Mahakama Kuu tarehe 16 mwezi huo, watu wenye silaha, waliovaa fulana nyeusi, waliizingira mahakama, na waliopewa dhamana wakarudishwa gerezani. Tarehe 1 Machi 2007 jambo hilo lilijirudia, na safari hiyo majaji waligoma. Kuhusu shtaka la ubakaji, Jaji John Bosco Katutsi alimwachia huru Besigye mwezi Machi 2006. Unaweza kumpenda Besigye au kutompenda. Hilo ni lako na kura yako. Hukumu ni hukumu.

Na tazama mwaka 2016. Jioni ya tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika mgahawa mmoja Kabalagala na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Sina haja ya kukueleza uchungu wa siku ile. Wengi wenu mna jamaa waliokuwa pale. Mwendesha mashtaka aliyeongoza kesi hiyo, Joan Kagezi, alipigwa risasi akafa Kampala tarehe 30 Machi 2015. Mwezi Mei 2016 Jaji Alphonse Owiny-Dollo alitoa hukumu. Kati ya washtakiwa 13, saba walipatikana na hatia ya ugaidi na mauaji, mmoja akapatikana na hatia ya kosa dogo zaidi, na watano waliachiwa huru. Hao watano walipotoka, walikamatwa tena.

Watano hao walikuwa wamekaa mahabusu kwa miaka mingi. Kama siku ya kwanza tungewauliza watu wa Kampala, nani angekuwa tayari kusema kuwa huenda baadhi yao hawakuhusika? Ni kanuni tu iliyowasemea, kwa sababu kanuni haina hasira.

Njia mbili za kuvuka mpaka

Kesi hiyo ya mabomu inatufundisha pia kuhusu urejeshaji wenyewe. Baadhi ya Wakenya walioshtakiwa walichukuliwa Kenya mwaka 2010 wakaletwa Uganda pasipo kufikishwa kwanza mbele ya hakimu wa kwao. Mahakama Kuu ya Nairobi iliona kuwa kuhamishwa kwa namna hiyo hakukufuata sheria, lakini watu walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka. Mtetezi wa haki za binadamu Al-Amin Kimathi, aliyekuja Kampala Septemba 2010 kufuatilia kesi yao, alikamatwa yeye mwenyewe na kushtakiwa kwa mauaji na ugaidi. Alikaa Luzira karibu mwaka mzima. Septemba 2011 mashtaka dhidi yake yalifutwa. Katika muda huo wote alikuwa mtu asiye na hatia kisheria, na mwisho wake ilionekana kuwa hapakuwa na kesi ya kumpeleka popote.

Linganisha na Jamil Mukulu, aliyetajwa na serikali kuwa kiongozi wa waasi wa ADF. Alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Uganda ilipeleka ombi. Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ililisikiliza. Na mwezi Julai alikabidhiwa. Kesi yake huku imesuasua kwa miaka mingi, na ucheleweshaji ni ugonjwa wake mwenyewe. Lakini katika kuvuka mpaka, hakimu alikuwepo. Anayetuhumiwa kuongoza waasi alipata kile ambacho watuhumiwa wengine walinyimwa.

Kisha Novemba 2024. Kizza Besigye alitoweka Nairobi tarehe 16, na tarehe 20 akaonekana Kampala mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi, Makindye. Hapakuwa na hakimu wa Kenya aliyelisikiliza ombi lolote. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kuwa mahakama za kijeshi haziwezi kuwahukumu raia, na mwezi uliofuata akashtakiwa kwa uhaini katika mahakama ya kiraia. Kama ana hatia au hana si kazi yangu kusema, na wala si kazi yako, mpaka ushahidi usikilizwe. Kazi yetu ni kuuliza alivukaje mpaka.

Kwa nini tumpe haki asiyeistahili?

Najua pingamizi litakalokujia, kwa kuwa wanafunzi hunipa kila muhula. Wao husema: na waliouawa je? Mvuvi yule, watu wa Kyadondo, wanafunzi na wakulima waliochinjwa na waasi, wao walipewa kesi? Kwa nini tumfanyie mtuhumiwa adabu ambayo yeye hakuwafanyia wenzake?

Swali hilo ni la haki, na anayelidharau hajawahi kuzika ndugu. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, neno yeye katika swali hilo limekwisha kukata kesi. Tunasema yeye hakuwafanyia, wakati jambo tunalotafuta ni kujua kama aliyefanya ni yeye. Tukimkosea, muuaji halisi amebaki nje, na aliyeuawa amenyimwa haki mara ya pili. Familia ya mvuvi haikufaidika kwa miaka ya ziada aliyozuiliwa Astles baada ya hukumu. Haikumleta muuaji mbele yao. Ingefaidika kama upelelezi ungefanywa vizuri.

Pili, Waswahili wana methali mbili zinazopingana. Moja husema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hiyo ni methali ya uvumi. Hutufaa katika tahadhari za maisha, lakini ikiingia mahakamani huua. Nyingine husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hiyo ndiyo kanuni yetu nzima kwa maneno matano. Haisemi mnyonge ni mwema. Inakubali hata kwamba huenda akanyongwa. Inachosisitiza ni kuwa haki ni yake, ni mali yake, na asiyempa amemwibia. Wahenga hawakuhitaji kusoma kesi ya Woolmington.

Sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili Uganda tuna sababu ya pekee ya kuijali methali hiyo. Kwa wazee wengi wa Kampala, Kiswahili kilisikika kwanza kama lugha ya bunduki. Katika miaka ya 1980 askari walipozingira mtaa na kuwakusanya vijana, amri yao ilikuwa maneno mawili: panda gari. Hakuna aliyeulizwa jina wala kosa. Maneno hayo yakawa jina la misako yenyewe, na mpaka leo wapo wanaoshtuka wakiyasikia. Tangu mwaka 2005 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, nasi tumepata nafasi ya kukifundisha maneno mengine: hati, dhamana, wakili, ushahidi, shaka, hukumu. Lugha iliyotumika kuwapandisha watu magari bila kuwauliza inaweza pia kuuliza: kwa hati gani, na iliyotolewa na hakimu yupi?

Basi utakaposikia kesho kwamba mtu mashuhuri amekamatwa ng'ambo na ataletwa Entebbe, usianze na swali la kama unampenda. Anza na maswali haya: amesomewa shtaka gani? Hakimu gani alilisikiliza ombi? Anaitwaje katika habari unayoisoma, mtuhumiwa au mhalifu? Na siku mahakama ikimwachia, mlango utakuwa wazi?

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti ya kisarufi na ya kisheria kati ya mtuhumiwa, mshtakiwa na mhalifu. Tafuta habari moja gazetini ambamo maneno hayo yamechanganywa, uiandike upya.

2. Hakimu anayesikiliza ombi la kumrejesha mtuhumiwa huamua nini, na haamui nini?

3. Andika insha ya maneno 300 ukiunga mkono au kupinga kauli hii: "Katika kesi ya Astles, mahakama ilishinda lakini haki ilishindwa."

4. Jadili methali hizi mbili: "lisemwalo lipo, na kama halipo laja" na "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni". Ni katika mazingira gani kila moja inafaa kutumiwa?